Soda ya Miwa na Soda ya Mahindi: Ndani ya Chupa Kuna Tofauti Gani?

Shangazi yangu wa Tanga ana kisukari, mwaka wa tisa sasa. Amejifunza kuishi nacho. Anapima asubuhi kabla ya chai, anatembea kila jioni, na wali anajipakulia upawa mmoja tu hata kama ni wa nazi na sahani za wengine zimejaa. Majuzi alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba haraka haraka maana alikuwa na swali. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mtu alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: Wamarekani wamegundua soda zao zina sumu ya mahindi, rais wao ameamuru watumie sukari ya miwa kama sisi, kwa hiyo soda za Afrika Mashariki ndizo salama kuliko zote duniani.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "na mimi nikinywa moja ya baridi siku ya Ijumaa, haina neno?"

Haya hapa ndiyo niliyomjibu, marefu kidogo kuliko yalivyokuwa kwenye simu. Nayaandika kwa sababu najua si shangazi peke yake aliyeusikia ujumbe ule, na najua wapo waliokwisha fungua chupa kwa kuuamini.

Kilichotokea hasa Marekani

Tarehe 16 Julai 2025, Rais Donald Trump aliandika kwenye mtandao wake wa Truth Social kwamba amezungumza na kampuni ya Coca-Cola ili soda yao inayouzwa Marekani itiwe sukari halisi ya miwa, na kwamba kampuni imekubali. Hapakuwa na amri wala sheria. Kampuni ilianza kwa kushukuru, kisha ikajitokeza kuitetea shira ya mahindi, kitamu kinachotiwa kwenye soda zake za huko, ikisema ni salama na ina nguvu (kalori) sawa na sukari ya mezani. Tarehe 22 Julai, ilipotangaza hesabu zake za robo ya pili ya mwaka, ikaeleza mpango wenyewe: kabla mwaka haujaisha ingeleta sokoni soda nyingine, iliyotengenezwa kwa sukari ya miwa iliyolimwa Marekani, ikae rafu moja na zile zilizopo. Ilikuwa ni kuongeza bidhaa. Soda ya shira ya mahindi haikuondolewa.

Nyuma ya habari hiyo yupo Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., ambaye kwa miaka mingi ameilaumu shira ya mahindi kwa unene na kisukari cha Wamarekani. Kwa hiyo Rais alipotaja miwa, watu wengi walisikia kwamba kitu kibaya kinatolewa na kitu kizuri kinawekwa. Hapo ndipo ujumbe wa kundi letu la ukoo ulipozaliwa.

Shira ya mahindi ni kitu gani?

Nianze na sukari yenyewe, ile ya kwenye kopo la jikoni. Kila chembe yake imeundwa na sukari mbili ndogo zilizoshikamana: glukosi na fruktosi, moja kwa moja, nusu kwa nusu. Wataalamu huita muungano huo sukrosi. Fikiria karanga yenye punje mbili ndani ya ganda moja. Ganda likiwa zima, tunaiita sukari ya miwa. Ukilipasua, punje mbili zinatoka, kila moja na safari yake.

Shira ya mahindi ni karanga zilizokwisha menywa. Punje ni zile zile, glukosi na fruktosi, ila hazijashikamana, zinaelea ndani ya maji mazito yanayong'aa kama shira ya kaimati. Katika shira inayotiwa kwenye soda za Marekani, sehemu 55 kati ya 100 za sukari yake ni fruktosi na kama 42 ni glukosi, zilizobaki ni sukari nyingine kidogo. Ipo pia aina yenye fruktosi 42, hutumika zaidi kwenye mikate, keki na vyakula vya kopo.

Jina lake kamili limewapoteza wengi. Huko huitwa shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi, na ukisikia "nyingi" unadhani ni nyingi kuliko sukari ya kawaida. Jina lilitolewa kwa kuilinganisha na shira ya mahindi ya zamani, ambayo ni glukosi na haina fruktosi. Ukiipima na sukari ya kopo, 55 dhidi ya 50, tofauti ni ndogo. Ile yenye fruktosi 42 ina fruktosi pungufu kuliko sukari ya chai yako.

Mahindi yanakuwaje matamu kiasi hicho? Mtu aliyekulia kijijini ana jibu mdomoni: amewahi kutafuna bua la hindi bichi akanyonya utamu wake kama muwa. Mahindi na miwa ni ndugu, yote ni ya ukoo wa nyasi. Ila shira haitokani na bua. Inatokana na punje, na punje ya hindi imejaa wanga, ambao haukolei utamu. Kuugeuza wanga huo kuwa sukari ni kazi ambayo bibi zetu wanaijua vizuri.

Chukua togwa. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe hadi uvuguvugu, unatia kimea cha ulezi, unafunika chungu na kulala. Asubuhi uji ule mzito umelainika, na ni mtamu bila kijiko hata kimoja cha sukari. Kilichofanya kazi usiku ni vimeng'enya, vijenzi vidogo vilivyomo ndani ya kimea vinavyoukatakata wanga kama panga kwenye miwa, hadi zibaki sukari fupi fupi. Mate yako yana kimeng'enya cha namna hiyo hiyo. Tafuna tonge la ugali mkavu polepole bila kumeza, uhesabu hadi 60, utausikia utamu ukija.

Kiwanda cha Iowa, jimbo la mahindi huko Marekani, kinafanya togwa kwa vipimo vikubwa. Mahindi yanalowekwa, wanga unatengwa na kiini na makapi, kisha vimeng'enya vinaukata hadi uwe glukosi tupu. Hapo ndipo wanakwenda hatua moja mbele ya bibi: kimeng'enya kingine kinaichukua glukosi na kuigeuza umbo, sehemu yake iwe fruktosi, kwa sababu fruktosi ni tamu zaidi. Wakemia Richard Marshall na Earl Kooi wa Marekani walionyesha mwaka 1957 kwamba jambo hilo linawezekana. Miaka ya 1960, wanasayansi wa Japani, akiwemo Yoshiyuki Takasaki, wakapata njia ya kulifanya kwa kiwango cha kiwanda.

Nyuki naye anafanya kazi ya jirani na hiyo. Anakusanya maji matamu ya maua, yenye sukrosi nyingi, na kimeng'enya cha mwilini mwake kinaimenya karanga ile. Ndiyo maana asali, hata ya Tabora iliyo safi kabisa, ni glukosi na fruktosi zilizoachana, na fruktosi ndiyo huzidi kidogo. Ukiitazama kwa sukari zake tu, asali iko karibu na shira ya mahindi kuliko ilivyo karibu na sukari ya kopo.

Ndimu ya shangazi

Kuna jambo ambalo shangazi analijua kwa mikono yake, na ndilo lililonisaidia kumfafanulia. Mwezi wa Ramadhani hupika kaimati za kuuza. Sufuria ya shira ikianza kuchemka, sukari na maji na iliki, hukata ndimu na kukamulia matone machache. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia shira isiyo na ndimu inarudi kuwa sukari: ikipoa inaganda, inafanya chembe chembe juu ya kaimati, mteja anaiona mbaya.

Ukali wa ndimu pamoja na moto unaimenya sehemu ya sukari, ganda linapasuka, glukosi inakwenda huku na fruktosi kule, na zikishaachana hivyo chembe hazijipangi tena kirahisi. Maana yake ni kwamba kwenye sufuria la Tanga, kwa sukari ya miwa, shangazi amekuwa akitengeneza kitu kinachokaribia shira ile ile inayolaumiwa Marekani.

Sasa soda nayo ni kali. Ukiondoa utamu na gesi, kinachobaki mdomoni ni uchachu wa asidi. Soda iliyotiwa sukari ya miwa ikikaa ghalani, ikisafirishwa juani juu ya lori, ikisubiri dukani wiki kadhaa, asidi hiyo inaendelea kumenya sukari pole pole. Chupa inapofika mkononi mwako, sehemu ya sukari ya miwa iliyotiwa kiwandani imekwisha geuka glukosi na fruktosi zinazoelea, kama ilivyo kwenye shira ya mahindi. Na zile karanga zilizobaki na maganda yake zinamenywa kwenye utumbo mwembamba, ambako mwili una kimeng'enya kwa kazi hiyo hasa. Damu haipokei miwa wala mahindi. Inapokea glukosi na fruktosi.

Mwili unazifanyia nini

Glukosi ni mafuta ya taa ya mwili mzima: ubongo, misuli, moyo, vyote vinaiunguza. Ikipanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini ili iingie kwenye seli. Kwa mwenye kisukari, mlango huo ni mzito kufunguka au insulini haitoshi, ndiyo maana mashine ya kupimia inaonyesha namba kubwa.

Fruktosi njia yake ni nyingine. Kwa sehemu kubwa inashughulikiwa na ini. Ikija kidogo kidogo, kama katika embe ulilolitafuna na nyuzi zake, ini linaimudu. Ikija kwa wingi na kwa haraka, kama katika soda ya nusu lita inayonywewa kwa dakika tano, ini linaanza kuigeuza kuwa mafuta, na mafuta hayo mengine yanabaki kwenye ini lenyewe. Wanaosema fruktosi nyingi si rafiki wa ini wanasema kweli. Wanapokosea ni pale wanapodhani sukari ya miwa haina fruktosi, wakati nusu yake nzima ni fruktosi.

Tupige hesabu. Kopo la Coca-Cola la Marekani, la mililita 355, lina gramu 39 za sukari. Zikiwa za shira ya mahindi, fruktosi yake ni kama gramu 21. Zikiwa za miwa, ni gramu 19 na nusu. Tofauti ni gramu mbili hivi, nusu ya kijiko cha chai. Ndiyo maana mwaka 2008 Chama cha Madaktari cha Marekani kilihitimisha kwamba shira ya mahindi haionekani kuchangia unene kuliko vitamu vingine vyenye nguvu kama hiyo.

Upo ushahidi mwingine, wa miaka na sio wa maabara. Matumizi ya shira ya mahindi Marekani yalifika kileleni karibu na mwaka 1999, kisha yakaanza kushuka. Kama ndiyo ingekuwa chanzo pekee, unene nao ungeshuka. Watu wazima wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 30.5 katika vipimo vya 1999 hadi 2000. Katika vipimo vya 2017 hadi 2018 wakawa asilimia 42.4.

Na ukitaka kuona nchi yenye soda ya miwa, vuka mpaka uingie Meksiko. Huko soda ya miwa ndiyo fahari yao, na watu wake wamekuwa miongoni mwa wanywaji wakubwa wa soda duniani. Kisukari kimewaumiza kiasi kwamba kuanzia mwaka 2014 serikali iliweka kodi ya peso moja kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari. Kodi haikuuliza sukari imetoka kwenye zao gani.

Shira ya mahindi ina kesi moja ya kujibu, nayo ni bei yake. Ni rahisi, inakuja ikiwa majimaji tayari, inavutwa kwa pampu kutoka kwenye lori hadi kwenye tangi, haihitaji kuyeyushwa. Urahisi huo uliwawezesha watengenezaji kuweka utamu kwenye kila kitu, na kuuza soda ya chupa kubwa kwa nyongeza ndogo ya pesa. Mtu akisema shira hiyo iliwazoesha Wamarekani kunywa sukari nyingi kwa sababu ilikuwa ya bei rahisi, mimi simpingi.

Kwa nini Marekani iliacha miwa

Wengi hawajui kwamba uamuzi ule haukufanywa na wanasayansi wa afya wala na wapishi. Ulifanywa na wahasibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sukari ghafi kwenye soko la dunia ilikuwa chini ya senti 10 za Marekani kwa ratili. Novemba 1974 ikapita senti 60. Kampuni zinazonunua sukari kwa maelfu ya tani zilishtuka kama anavyoshtuka mama wa chapati akikuta unga umepanda mara sita. Bei ilishuka baadaye, lakini funzo lilibaki. Mwaka 1982 serikali ya Ronald Reagan ikarudisha mgao wa sukari inayoruhusiwa kuingia kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wa ndani. Tangu hapo sukari ndani ya Marekani mara nyingi imekuwa karibu mara mbili ya bei ya dunia. Mahindi kwa upande wake yalilimwa kwa wingi mno, kwa msaada wa serikali, katika majimbo kama Iowa, Illinois na Nebraska.

Mwaka 1980 Coca-Cola ikawaruhusu wanaojaza chupa zake kutumia shira ya mahindi hadi nusu ya sukari yote. Novemba 1984, Coca-Cola na Pepsi zote zikaruhusu asilimia 100. Hapo miwa ikaaga.

Inafaa kukumbuka tarehe hizo, kwa sababu ipo hadithi isemayo kwamba ile "New Coke", Coca-Cola ya ladha mpya iliyotolewa Aprili 1985, ikakataliwa na watu, na ile ya zamani ikarudishwa Julai mwaka huo huo, ilikuwa ujanja wa kuwasahaulisha watu ladha ya sukari ili shira iingizwe kimya kimya. Hadithi ni tamu, lakini shira ilikuwa imeshaingia miaka mitano kabla.

Kwa hiyo leo mtu akisema "rudisheni miwa", anagusa mifuko ya watu. Chama cha wasindikaji wa mahindi kililalamika mara moja kwamba maelfu ya ajira yatapotea na mapato ya wakulima yatashuka. Wakulima wa miwa wa Florida na Louisiana wana sababu ya kufurahi, ila mashamba yao hayatoshi: zaidi ya nusu ya sukari inayozalishwa Marekani haitoki kwenye muwa, inatoka kwenye mmea wa mizizi unaofanana na bitiruti nyeupe, unaolimwa kwenye majimbo ya baridi kama Minnesota na North Dakota. Sukari yake ikishasafishwa ni sukrosi ile ile, karanga ile ile. Hawaii iliyokuwa maarufu kwa miwa ilifunga kiwanda chake cha mwisho mwaka 2016, na Texas ikafunga cha kwake mwaka 2024 kwa ukosefu wa maji. Ukitaka kuhamisha soda zote za nchi ile kwenda kwenye miwa, lazima uagize sukari kutoka nje, na mgao wa 1982 ulikusudiwa kuzuia hilo hasa.

Ladha je? Wapo Wamarekani wanaolipa zaidi kwa soda ya Meksiko, ile ya chupa ya kioo yenye kizibo cha bati, wakiapa kwamba ladha yake ni safi zaidi. Huenda ulimi wao unasema kweli, maana utamu wa fruktosi iliyo huru hupanda haraka na kutoweka haraka. Lakini kioo nacho kinachangia, na baridi, na gesi, na kumbukumbu za utotoni. Sina ugomvi na ladha. Mtu anywe anachokipenda ulimini, mradi asikiite dawa.

Na hapa kwetu

Ujumbe wa kundi letu ulikuwa na ukweli mmoja: soda za Afrika Mashariki hutiwa sukari, wala hazitegemei shira ya mahindi. Lakini hata hiyo sukari, ambayo wengi hudhani yote hutoka mashamba yetu ya miwa, ina maelezo yake.

Sukari inayotoka Kilombero, Mtibwa, Kagera, TPC Moshi na Bagamoyo kwa kawaida ni sukari ya mezani, ile yenye rangi ya kahawia kidogo tunayotia kwenye chai. Viwanda vya soda hutaka sukari ya viwandani, nyeupe kabisa, iliyosafishwa zaidi ili isibadilishe rangi wala kuacha ladha yake, na hiyo kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje kwa vibali na kwa ushuru nafuu. Ndiyo asili ya ule mvutano wa kila mwaka kuhusu sukari ya viwandani inayopenya na kuuzwa madukani kama ya mezani: ushuru ni tofauti, kwa hiyo kuna faida ya kuchepusha. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño ziliponyesha mashambani hadi miwa isivunike, na kilo moja ya sukari ikapita shilingi 4,000 mitaani, wengi wetu tulijifunza tofauti hiyo kwa uchungu.

Chembe nyeupe iliyosafishwa kiasi hicho haina kilichobaki cha muwa. Rangi, harufu, madini kidogo yaliyomo kwenye maji ya miwa, vyote vimeachwa kwenye molasi, yale masalia meusi mazito ya kiwandani. Kwa hiyo neno "asili" halina uzito hapa. Muwa ni wa asili, na hindi ni la asili. Vyote viwili vimepita kiwandani kabla ya kuingia kwenye chupa. Na hata ile ya kahawia, hata sukari guru, kinachozidi ndani yake ni kidogo mno kubadilisha namba kwenye mashine ya shangazi.

Ukitaka kujua soda inakufanyia nini, acha kutafuta jina la zao, tafuta gramu. Geuza chupa, soma kiasi cha sukari katika kila mililita 100. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4. Soda yenye gramu 10 kwa mililita 100 ina gramu 30 katika chupa ya mililita 300, vijiko saba na nusu. Katika chupa ya plastiki ya nusu lita ni gramu 50, vijiko zaidi ya 12. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari zinazoongezwa zisifike asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 50, na linasema ni vizuri zaidi zikishuka hadi nusu ya hapo. Asali na juisi zimo kwenye hesabu hiyo.

Nilifanya jaribio na wapwa zangu wawili mezani. Maji nusu lita kwenye jagi, kijiko, na kopo la sukari. Wakahesabu kwa sauti. Walipofika kijiko cha sita mkubwa akasema inatosha, walipofika cha tisa mdogo akaanza kunitazama usoni kuona kama natania. Cha 12 kilichukua muda kuyeyuka, ikabidi wakoroge kwa zamu. Kisha nikawamiminia kila mmoja. Mkubwa alimeza funda moja, akasogeza bilauri. Akauliza mbona soda haimkeri hivyo. Nikakamulia ndimu kwenye jagi, nikatia barafu, akaonja tena, akanywa bilauri nzima. Baridi na uchachu vinauficha utamu mdomoni, lakini haviuondoi.

Zile soda zisizo na sukari ni habari tofauti. Hazipandishi sukari ya damu kama za kawaida, na mwenye kisukari anayeshindwa kabisa kuacha soda anaweza kuona afadhali. Ila Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, lilishauri watu wasitegemee vitamu hivyo kama njia ya kudhibiti uzito. Maji bado hayajapata mshindani.

Shangazi alisikiliza yote hayo kwa utulivu, akaguna pale pa ndimu. Kisha akaniuliza kuhusu juisi ya miwa, ile inayokamuliwa na mashine ya magurudumu kando ya barabara, na tangawizi yake. Nikamwambia ni sukrosi ile ile, ila haijafika kiwandani. Akasema, "Basi yote umenifungia." Nikamwambia iko siku soda itakuwa halali yake tena kwa amri ya daktari: siku sukari yake ikishuka, mikono ikitetemeka, jasho likimtoka na macho yakiona ukungu. Siku hiyo anywe nusu bilauri ya soda yenye sukari, kama mililita 150, asubiri robo saa, apime tena. Ile isiyo na sukari siku hiyo haimsaidii kitu.

Wiki iliyofuata nilipokwenda kumtembelea nilifungua friji kutafuta maji. Nyuma ya jagi ilikuwepo chupa moja ya kioo, kizibo kikiwa hakijaguswa, imefungwa kipande cha plasta ya hospitali, na juu yake ameandika kwa kalamu: YA KUSHUKA.